Kiti cha Kuazima

Milango yote ya ukumbi wa halmashauri inalia, isipokuwa mmoja. Wa chumba namba tatu unalia kama mbuzi aliyefungwa. Wa namba tano unaguna kama mzee anayeinuka kitandani. Waliozoea kusubiri kwenye yale mabenchi wanajua nani kaitwa wapi hata wakiwa wamefumba macho. Wa namba saba hufunguka kimya na kujifunga kimya, na Mama Vifungo hakuwahi kuupita bila kuugusa kidogo karibu na kitasa, kama mtu anayemshika ndugu yake bega. Aliyeutengeneza ni mumewe. Miaka ishirini iliyopita halmashauri ilimpa kila seremala wa mji mlango mmoja ili wasigombane, na kati ya yote ni huo tu uliobaki na adabu zake.

"Karibu mama, keti," alisema afisa ustawi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu visivyo na kisigino na mafua yasiyoisha.

Mama Vifungo alikaa ukingoni mwa kiti. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya sare za shule, alikofanya kazi miaka thelathini akitoboa matundu ya vifungo na kushona vifungo vyenyewe, mpaka watoto wa nusu ya mji walikuwa wamefungwa na yeye kifuani. Sasa ni mwezi wa saba tangu aache cherehani. Mumewe, ambaye watu wote humwita Fundi tu, alipigwa na kiharusi akiwa ameshika randa mkononi. Upande wa kulia ulilala. Ulimi ulirudi nusu, maneno yakawa yanatoka moja moja, kila moja na uzito wake.

Alichokuja kuomba kilikuwa na jina zuri kwenye karatasi: posho ya matunzo. Halmashauri humpa kila mwezi mtu aliyeacha kazi yake ili amtunze mgonjwa nyumbani. Si fedha ya kujengea ghorofa, lakini ingelipa chumba na chakula, na hilo lilimtosha. Bosi wa karakana alikuwa amemwekea nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi ujao, basi. Posho isipotoka, Mama Vifungo atarudi kwenye cherehani, na Fundi atapelekwa kwa dada yake, safari ya siku mbili kwa basi. Wifi alikwisha kutandika kitanda. Alipiga simu kila Jumapili kusema kwamba kitanda kimetandikwa. Wifi hakuwa mtu mbaya, tatizo lake lilikuwa kutandika mapema mno. Na hao wawili, kwa miaka thelathini na minane, hawakuwahi kulala mbalimbali isipokuwa kwa uzazi na misiba.

"Fomu zako ziko sawa," afisa alisema, akipenga kamasi. "Imebaki nije nimwone mwenyewe. Alhamisi, saa nne. Lakini tafadhali mama, usihangaike. Usiandae chochote."

Kumwambia mama wa watu kwamba mgeni anakuja, halafu umwambie asiandae chochote, ni sawa na kumwambia kuku asiparue. Mama Vifungo alisema, "Sawa, mwanangu," na kabla hajafika kwenye ngazi alikuwa ameshaanza kuhesabu vikombe.

Vikombe vilikuwepo. Shida ilikuwa viti. Mganga hajigangi, na nyumba ya seremala ndiyo ya mwisho kupata kiti. Kila kiti kizuri alichokitengeneza Fundi kilipata mnunuzi kabla gundi haijakauka. Wao walibaki na vigoda viwili na kile kiti chake cha kamba, kifupi, kisicho na mikono, kilichobonyea katikati kwa umbo la mwenyewe. Kwa siku ya kawaida kilitosha. Kwa mtu wa serikali, ilikuwa aibu.

Basi akaenda kwa jirani wa mlango wa pili, Mama Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu taarifa yoyote ikimfikia saa moja, saa mbili mtaa mzima unayo.

"Chukua kile kikubwa," Mama Redio alisema, hata kabla hajaombwa. "Kile chenye mikono. Si mumeo ndiye alitutengenezea tulipooana? Marehemu alikuwa hakiachi. Kikaone nyumba ya aliyekizaa."

Walikibeba wawili, wakisimama mara tatu njiani, maana kilikuwa cha mbao ngumu hasa. Fundi alipokiona kikiingia, aliinua mkono wa kushoto, akapapasa ule mkono wa kiti pale unapokutana na mguu wake.

"Hakina... msumari," alisema.

"Najua," mkewe alimjibu. "Ulinisimulia siku ile, na kesho yake, na mwaka mzima."

Alhamisi saa nne alikuwa amemwogesha, amemvika shati jeupe lenye vifungo alivyovishona mwenyewe, amemkalisha kwenye kiti chenye mikono. Mwenyewe akasimama karibu na mlango na sinia la chai. Na hapo inabidi ujue jambo moja kuhusu Fundi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpokea mgeni akiwa amekaa. Awe tajiri wa kuagiza kabati, awe mtoto aliyetumwa kuokota vumbi la mbao, Fundi alikuwa anaweka randa chini, anajipangusa, anasimama wima na urefu wake wote, ndipo anatoa mkono. "Mgeni hapokewi kwa makalio," ndivyo alivyokuwa akisema, na wanafunzi wake karakanani walikuwa wakimwiga akiwa hayupo.

Afisa aliingia. "Shikamoo, mzee wangu."

 Mkono wa kushoto wa Fundi ulikwisha kushika ule mkono wa kiti. Mama Vifungo aliona mishipa ya shingo ikisimama, aliona mguu wa kushoto ukirudi nyuma kutafuta nafasi. Kiti hakikusogea hata unywele. Mwenyewe alikuwa amekitengeneza, ulimi wa mbao ndani ya tundu lake, na alijua kwamba hakitamwangusha. Akainuka. Polepole, upande mmoja ukiuvuta mwenzake, akainuka, akanyooka, akasimama katikati ya chumba chake akiwa mrefu vilevile kama zamani.

"Marahaba," alisema. "Karibu... mwanangu."

Mama Vifungo alibaki na sinia lake pale mlangoni. Miezi saba! Miezi saba alikuwa hajamwona mumewe kutoka chini kwenda juu. Alisahau ni kwa nini yule mwanamke amekuja, akasahau posho na wifi na kitanda chake, machozi yakamtoka mbele ya mgeni bila haya. Kulikuwa na kisauti ndani yake kilichosema, leo si siku ya kusimama, mama, leo si siku yake. Akakinyamazisha.

Fundi aliketi tena, jasho likimtiririka. Afisa akafungua faili. Fomu ilikuwa na maswali na kila swali lilikuwa na visanduku vitatu: peke yake, kwa msaada, hawezi.

"Mzee, unaoga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kuvaa?"

"Mwenyewe."

"Chakula?"

"Kijiko... hiki hapa." Akainua mkono wa kushoto.

Afisa alimgeukia Mama Vifungo. "Mama? Ni kweli?"

Na yeye afanyeje? Amwambie mgeni, mbele ya mwenye nyumba aliyetoka kusimama sasa hivi, kwamba shati lile amevishwa kama mtoto? Kuna wanawake wanaoweza. Mama Vifungo hakuwa mmoja wao.

"Kama alivyosema mwenyewe," alijibu.

Afisa aliandika, akanywa chai yake, akasifu kiti, akaaga. Fundi alisikiliza viatu vyake mpaka vikapotea kwenye kona. Kisha alijaribu kukaa vizuri zaidi, mguu ukakataa, akateleza kutoka kwenye kiti chenye mikono mpaka sakafuni, taratibu, kama koti lililoteleza kutoka kwenye msumari. Mkewe alimkimbilia. Hakuweza kumwinua. Alikaa naye chini, kichwa chake mapajani.

"Umeniona?" Fundi aliuliza.

"Nimekuona, mume wangu."

"Nimesimama."

"Umesimama. Kweli umesimama."

Mama Redio ndiye aliyekuja kumsaidia kumnyanyua. Siku mbili Fundi hakutoka kitandani, na nyonga yake ikawa na alama nyeusi kubwa kuliko kiganja.

Barua ilifika baada ya siku kumi. Mama Vifungo aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Halmashauri inasikitika kumjulisha. Kwa mujibu wa ukaguzi, mgonjwa anasimama, anaoga, anavaa na kula bila msaada, hivyo mlezi wa kudumu hahitajiki. Ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hawakusema neno juu ya kiti, lakini nadhani walikuwa nacho akilini.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Wamekataa. Wanasema wewe ni mzima."

Hakumwambia zaidi. Siku ile alimlisha bila kusema, akamfuta mdomo bila kusema, akamgeuza bila kusema. Alikuwa na hasira naye, naye alijua, na kila alipomtazama mkewe alikuwa anakuta mgongo. Kufikia alasiri hasira ilimchosha mwenyewe. Huwezi kumnunia mtu ambaye lazima umkatie kucha.

Kesho yake alirudi chumba namba saba. Safari hii hakuugusa mlango.

"Mama, mimi niliandika nilichokiona," afisa alisema, na hakuisema kwa ukali. "Nilikuuliza. Ungesema."

"Ningesemaje mbele yake?"

 Afisa alipenga kamasi, akaikunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni. "Baba yangu alikuwa vilevile," alisema hatimaye. "Daktari akiingia, haumwi kitu." Akavuta droo, akatoa karatasi. "Hii ndiyo fomu ya rufaa. Ukurasa huu wa pili ni wako wewe mlezi. Andika siku moja, tangu unaamka mpaka unalala. Usiongeze, usipunguze. Halafu mzee lazima asomewe yote mbele ya shahidi, aweke dole gumba. Nikiipata, nitakuja tena kumwona."

"Asomewe yote?"

"Yote, mama. Yanamhusu yeye. Ni haki yake kuyajua."

Mama Vifungo alikunja karatasi ile, akaitia kwenye mkoba, na njia nzima aliona kama amebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Aliandika siku tatu, kwenye meza ya kupigia pasi, Fundi akiwa amelala mchana. Aliandika kama alivyokuwa akishona, hatua fupi fupi, zilizobana. Naamka saa kumi na moja. Namgeuza ili asipate vidonda. Nampeleka msalani, anashika shingo yangu. Namwogesha kwa kumkalisha kwenye kigoda. Namvisha, kwanza mkono wa kulia kwa sababu haujikunji. Nyama namkatia. Dawa namkumbusha, na akikataa naimba mpaka anachoka kunisikia anameza. Sentensi hiyo aliifuta, kisha akairudisha, kwa kuwa aliambiwa asipunguze. Ukurasa ulipokaribia kujaa alikuwa amebakiwa na mistari miwili chini kabisa. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika jambo moja alilokuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Mama Redio, na hasa Mama Redio.

Alasiri ya siku ya nne Mama Redio aliitwa kuwa shahidi. Aliapishwa mlangoni.

"Utakayoyasikia humu yanabaki humu."

"Mimi?" Mama Redio alishika kifua. "Mimi ni kaburi!"

"Wewe ni redio. Leo tunaizima."

Fundi alikuwa kwenye kiti chenye mikono, ambacho mwenyewe Mama Redio alikuwa amekataa kukichukua. Mama Vifungo akaketi kigodani mbele yake, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kusoma. Alisoma haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Msalani. Kigoda. Mkono wa kulia. Nyama. Kila neno lilipotoka, aliona uso wa mumewe ukizidi kutulia, na kutulia kule kulimtisha kuliko angekasirika. Mama Redio alikuwa akitazama dari. Alipofika kwenye kuimba, Fundi alitoa sauti ndogo puani, na kwa nusu dakika mambo yalikuwa mepesi.

Alisoma mpaka pale alipotaka kuishia. "Basi. Sahihi hapa, dole hapa." Akakunja karatasi.

"Umeruka," Fundi alisema.

"Sijaruka."

"Mistari... miwili. Chini."

Mtu aliyepima mbao kwa macho miaka arobaini, akakujulia kwa kuangalia tu kwamba ubao wako umepunguka nusu kidole, ukurasa wa karatasi utamfichaje? Mama Vifungo alimtazama Mama Redio kama anayeomba msaada. Mama Redio akarudisha macho yake darini.

"Soma," Fundi alisema.

Akaifungua tena. Sauti yake ya sokoni ilikuwa imempotea.

"Nikimaliza kumwogesha na kumrudisha kitandani," alisoma, "narudi bafuni, nafunga mlango, nakaa juu ya ndoo niliyoipindua. Nakaa mpaka mgongo uniruhusu, kwa sababu siku hizi na mimi siwezi kuinuka mara moja."

 Nje mtu alikuwa akipiga honi ya baiskeli, kri kri, akapita.

"Mimi nilidhani," Fundi alianza, akakwama. Ulimi ulikuwa unamgomea. Alisubiri, akajaribu tena. "Nilidhani... unafua."

"Nilikuwa nakuachia udhani hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliutazama mlango wa bafuni, mlango wake mwenyewe, alioutengeneza kwa mbao za mabaki, nao pia ulikuwa haulii. Ndiyo maana hakuwahi kusikia ukifunguka na kufungwa, hakuwahi kuhesabu dakika. Ubora wa kazi yake ndio uliomficha mkewe. Machozi yalimshuka; ya upande wa uso unaosikia aliyafuta mwenyewe, na yale ya upande wa pili mkewe ndiye aliyemfuta, kama alivyokuwa akimfuta kila kitu.

"Lete," alisema, na kutoa dole gumba.

Mama Vifungo alilipaka wino, akalisindikiza mpaka kwenye karatasi, akaligandamiza. Mama Redio akaweka sahihi yake ndefu, yenye mikia, akaipulizia ikauke. Kisha Fundi akageuka kwake.

"Shemeji. Kiti... kirudi kwenu."

"Kwani kimekukosea nini? Kaa nacho, kinakufaa."

"Kinanidanganya," alisema Fundi.

Wakakirudisha jioni ile ile, wakisimama mara nne njiani badala ya tatu. Na hapo Mama Redio alimwona mwenzake akishika kiuno, akaelewa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuwa anapita kuomba chumvi saa ambayo Fundi huogeshwa, anasaidia kuinua, anaondoka bila chumvi. Na mtaa haukuwahi kusikia habari ya ndoo. Nimeuliza, kwa hiyo nasema kwa hakika.

Afisa ustawi alirudi Jumatano moja yenye mvua, ile nafasi ya cherehani ikiwa imebakiza wiki tatu. Mama Vifungo alikuwa ameandaa chai, hilo halikuepukika, lakini chumba kilikuwa kama kilivyo: vigoda viwili, ndoo kwenye kona chini ya pale panapovuja, na Fundi katika kiti chake cha kamba, amebonyea ndani yake, magoti karibu na kidevu. Shati lilikuwa lile lile jeupe. Mke alikuwa amesimama karibu na mlango, sinia mkononi, kama desturi.

"Hodi. Shikamoo, mzee wangu."

Mama Vifungo aliuona mkono wa kushoto wa mumewe ukiondoka pajani. Uliteremka kandoni mwa kiti, ukapapasa kutafuta pa kushika, na pembeni palikuwa na kamba tu. Mabega yalikuwa yameshainama mbele, kwa mazoea ya miaka yote ile, kila mgeni aliyewahi kuingia karakanani akimvuta ainuke. Mkewe alijua kwamba akijaribu ataanguka, na yeye atakimbilia tena kukaa chini na kichwa chake mapajani. Akabana sinia.

Mkono ukarudi ukatua gotini. Mabega yakarudi nyuma.

"Marahaba, mwanangu," Fundi alisema. "Nisamehe. Nakupokea... nimekaa." Akavuta pumzi. "Siwezi kusimama."

Siwezi. Kwa miaka thelathini na minane mkewe alikuwa amemsikia akisema kesho, akisema subiri kwanza, akisema mbao hii haifai. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa amelitoa mbele ya mgeni, kwa sauti, na wala hakuinamisha uso.

Afisa alivuta kigoda, akakaa, magoti yake na ya Fundi yakawa sawasawa. "Umesamehewa, baba. Tuanze?"

"Tuanze."

"Kuoga?"

"Mke wangu."

"Kuvaa?"

"Mke wangu."

"Kula?"

"Kijiko naweza. Kukata... mke wangu."

"Kwenda msalani?"

"Yeye. Na mgongo wake."

Kalamu ilikwenda kwenye kisanduku cha tatu, cha tatu, cha pili, cha tatu. Afisa alipofika mwisho wa ukurasa, aliuliza swali ambalo halikuwa na kisanduku. "Kuna jambo lolote unataka niliandike, baba?"

Fundi alifikiri. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Mama."

"Nipo. Nawamiminia chai sasa hivi."

"Chai iache. Kaa."

"Nitakaa, ngoja kwanza mgeni..."

"Kaa," alisema Fundi, kwa upole, na neno hilo lilitoka zima. "Mgeni akuone ulivyo."

Mama Vifungo aliweka sinia chini. Kigoda kilichobaki kilikuwa hatua mbili tu. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, akajishusha kidogo kidogo, na nusu njia mgongo wake ukaguna kama mlango wa chumba namba tano. Wote watatu waliusikia. Afisa aliinamisha kichwa, akaandika, safari hii maneno mengi, bila kupenga kamasi hata mara moja.

Barua ilikuja siku ya tisa. Mama Redio ndiye aliyeileta kutoka kwa tarishi, akaikabidhi, na nakuambia ukweli, alirudi kwake bila kuuliza imeandikwaje, akakaa dirishani akisubiri kama mtu mwingine yeyote. Mama Vifungo hakuifungua mlangoni. Aliingia nayo ndani, akavuta kigoda mpaka kilipogusa kile kiti cha kamba, akakaa, akasubiri mgongo utulie. Ndipo akachana bahasha.

Alianza kusoma kutoka juu kabisa, nembo na tarehe na namba ya faili. Alisoma kwamba rufaa imekubaliwa. Alisoma kwamba posho ya matunzo itaanza kulipwa mwezi huu, kwa jina la mlezi, na jina lenyewe, la kwake, limepigwa chapa katikati ya mstari. Fundi aliomba alirudie hapo, akalirudia.

"Kwa hiyo," Fundi alisema, "tunabaki."

"Tunabaki."

"Na dada?"

"Nitampigia. Nitamwambia akitandue."

Fundi alifunga macho, akaweka mkono wa kushoto juu ya mgongo wa mkewe, chini kabisa, pale panapouma, akauacha hapo. "Endelea," alisema. Barua ilikuwa na nusu ukurasa zaidi, masharti na vifungu na anwani ya ofisi. Mama Vifungo aliisoma yote mpaka mwisho, na hakuruka hata mstari mmoja.